Mkwilima Kibandani kwa Pamba

Mwaka wa 1954, Telesphor alirudi Mpimbwe kwa likizo kutoka machimbo ya Mpanda, akamletea dada yake sungura dume ndani ya kikapu.

"Romana, huyu mjaribu. Jumapili mjukuu wangu anabatizwa. Dume huyu asipopatana na Pamba wako, anaingia chunguni."

"Kaka, umeanza!"

"Nyama haina ugomvi."

Romana akacheka, lakini akamhurumia, maana dume alishaweka pua kwenye kiganja chake kama aliyemjua zamani.

Pamba, jike lake jeupe, ndiye aliyekuwa mwenzake wa mazungumzo tangu afiwe na mumewe. Mpole kama maji ya mtungini. Basi Romana akafuata anachokijua. Kwao kijana akioa huhamia ukweni kwanza, akalima, akajenga, mpaka wamkubali. Akamwita dume Mkwilima, yaani mume wa binti, akapiga kigelegele, akamwingiza kibandani kwa Pamba.

Lo! Pamba akageuka chui. Manyoya yakaruka. Romana alipomtoa Mkwilima, sikio lilikuwa limechanika, na Pamba anatafuna jani lake kama si yeye.

"Mwanangu, una nini?"

Kesho yake akamrudisha, safari hii na majani ya viazi yawe mahari. Kipigo kilekile.

Jirani yake Josefina akapita na ungo kichwani. "We mama, unamuua kijana wa watu!"

"Nimefuata mila."

"Hao sungura waliambiwa? Haya, kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba ya mmoja, mgeni akiingia ni mwizi."

"Mzinga wa nyuki?"

"Wapi!"

"Kaburi?"

"Ptuu! Nipe mji."

"Chukua Mwese."

"Mwese nina miguu ya kupanda milima? Nipe mwingine."

"Haya, Karema."

"Nilikwenda Karema, nikala samaki, nikashiba. Jibu ni kibanda cha Pamba. Pale ni kwake, Romana. Akiona mgeni, anaona mwizi."

Romana akajiuliza. Sasa mkwe aende wapi kama ukweni hapaendeki?

Wakamwekea Mkwilima kibanda chake, ubavuni mwa kile cha Pamba, katikati ukuta wa matete. Kila asubuhi Romana aliwabadilishia nyasi za kulalia, za huyu kwa yule, ili huyu azoee harufu ya yule. Siku moja akawakuta wamelala, mgongo kwa mgongo, matete katikati. Ni mapenzi hayo, au Pamba analinda mpaka? Hakujua.

Jumamosi wakawaachia kwenye kiwanja cha kupuria mpunga, mahali pasipokuwa pa yeyote kati yao, Josefina kashika ungo tayari kuwatenganisha. Wakafukuzana kidogo, wakasimama. Kisha Pamba akainamisha kichwa hadi chini mbele ya Mkwilima.

"Anaomba radhi!" Romana akasema.

"Anaomba? Anaamuru alambwe!"

Na kweli, Mkwilima akaanza kumlamba paji la uso.

Telesphor akatokea, kisu mkononi. Akatazama, akakuna kichwa. "Nani kamshinda nani hapa?"

"Kaka, hata mimi sielewi. Ila chunguni haendi mtu."

"Na wageni wangu nitawalisha nini?"

"Maharage. Sasa weka kisu, shika shoka. Hawa wanataka nyumba mpya, isiyo ya mmoja wao."

Telesphor akaenda kukata miti huku ananung'unika. Basi kazi ya ukweni akaifanya yeye, na hakuna aliyemwoza mke.