Chumba cha Uani

Nilikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi, na watu wa mtaani kwetu watakwambia kwamba Polikarp ni mtu wa maneno. Ni kweli. Nimesuluhisha ugomvi wa kuku, nimeandika barua za watoto kuhama shule, nimegawa vibali vya sukari huku nikimkaripia kila aliyesukuma mwenzake kwenye foleni. Siku moja tu nilitakiwa niseme maneno machache, nikanyamaza. Nayasimulia hayo sasa, na anayeona nimechelewa ana haki.

Ilikuwa mwaka 1984, mwezi wa sita, wakati upepo wa Sumbawanga unapokata hata ukiwa umevaa koti. Katika nyumba zangu kumi kulikuwa na gesti moja, ya bwana mmoja aitwaye Leonsi. Asubuhi moja nilisikia kelele nyuma ya gesti hiyo. Nikakuta Leonsi anapiga teke mafiga matatu, na mwanamume mmoja mrefu amekumbatia sufuria ya uji ili usimwagike.

"Hii ni gesti, si kambi ya wavuvi," Leonsi alikuwa akisema. "Kupika marufuku. Imeandikwa mlangoni."

Yule mwanamume alinigeukia. Aliniamkia mimi: "Shikamoo, mzee."

Nikaitikia, nikamuuliza atokako. Jina lake Andwele, Mnyakyusa wa Tukuyu, ila miaka sita alikuwa Kirando akichonga mitumbwi. Mke wake, Tusajigwe, alikuwa amevimba tumbo, na kule ziwani walishindwa naye, wakaletwa na lori la dagaa hadi hospitali ya mjini. Sasa alikuwa wodini, na chakula cha wodini alikuwa anakitapika. Kilichokaa tumboni ni uji wa ulezi tu, mwepesi, uliopikwa na mumewe, tena kwa kulishwa na yeye mwenyewe kijiko kwa kijiko. Daktari alisema akipata nguvu kidogo watampasua. Asipopata, hakuna watakachofanya.

"Basi wewe huhitaji gesti," nilimwambia. "Unahitaji jiko."

Nilikuwa na chumba uani. Nilikijenga kwa ajili ya mwanangu Clemens, naye akapata kazi Mpanda, kikabaki na magunia ya mahindi. Chumba kina mlango wake, na jiko liko hatua tano. Nikamwambia atoe vitu vyake kwa Leonsi, atanilipa kidogo kwa wiki, mke wangu Bertilla atamwonyesha ulezi mzuri unapouzwa. Mtu mwingine angeshukuru papo hapo. Huyu alisimama akawaza, mpaka nikaanza kukasirika.

"Kwa kupika, kwako ni bora, mzee," alisema. "Lakini hapa nimeandikwa. Jina langu, ninakotoka, na kwamba nimekuja kuuguza. Mimi si wa huku. Mtu wa ugenini akiwa ameandikwa, analala."

Nikamcheka. Nilimcheka mbele ya Leonsi. "Kijana, mimi ndiye balozi. Huko kuandikwa unakokutafuta kumekaa kifuani kwangu." Akatabasamu kwa aibu, akaenda kuchukua sanduku lake la randa na patasi.

Sitasema uongo, nilifurahi naye. Bertilla alifurahi zaidi. Andwele alitengeneza mlango wa jiko uliokuwa ukiburuza chini tangu Clemens yuko shule ya msingi. Alfajiri alikuwa anawasha moto, anachuja ulezi mara mbili, anatia kwenye chupa ya chai, anaizungushia sweta lake mwenyewe na kutoka bila sweta. Nikamtania kwamba wanaume wa Tukuyu wamezoea migomba, baridi ya Ufipa itamkausha kama dagaa. Alicheka, akaenda vivyo hivyo.

Nilikwenda kumwona mgonjwa mara moja na Bertilla. Mwanamke mdogo, macho makubwa, mikono myembamba juu ya shuka, tumbo limepanda. Alituamkia vizuri. Akasema mumewe ni seremala hodari lakini uji wake una vipande vya mbao. Andwele akamlisha mbele yetu, bila haya, kijiko, kisha anasubiri, kisha kijiko. Alimaliza kikombe kizima. Nesi alipita akasema, "Leo umekula, mama." Sisi wote wanne tukawa kama tumepewa zawadi.

Sasa nieleze ubaya wangu ulipoanzia. Siku zile kiongozi hakutakiwa kupangisha nyumba. Azimio lilisema hivyo, na mimi mwenyewe nililisoma kwa sauti mikutanoni. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi mdogo, labda hakuna ambaye angenihukumu kwa chumba kimoja cha udongo. Lakini nilijua watu waliokitamani kile cheo changu, na nilijua jinsi nilivyokuwa nimewasema wengine. Mgeni akipita siku saba ilibidi niandike jina lake kwenye daftari, chini ya wageni, kisha nimpeleke kwa katibu wa tawi ahojiwe: yuko kwa nani, wanajuana vipi, anaishije hapo. Mnyakyusa kwa Mfipa, wanajuana vipi? Angesema ukweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kitu kingine.

Nikamwandika chini ya wakazi wa nyumba yangu. Andwele, shemeji. Kazi, nikaacha wazi.

Nilimwambia jioni yake, kwa namna ya kawaida tu, kwamba akiulizwa aseme yuko kwa dada yake, Bertilla. Alifikiri kidogo. "Wewe ndiye unayejua taratibu, mzee," alisema, akarudi kuchuja ulezi.

Ile operesheni ya nguvu kazi ilitufikia wiki iliyofuata. Kila asiye na kazi mjini apelekwe shambani, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Mabalozi tulitakiwa kukabidhi madaftari ofisini, nami nikakabidhi langu. Ningeweza kulirekebisha. Nilikaa nalo mapajani asubuhi nzima. Nilijiambia hawatasoma kila mstari.

Walisoma. Siku ya Alhamisi, jua limeshatoka, mgambo walikuja na Modesti, katibu wa tawi, mtu mpole, mwenye miwani. Katika nyumba zangu walianzia gesti. Nilikuwa nao kwa sababu ndiyo kazi yangu. Leonsi akatoa kitabu chake cha wageni, kichafu, kimelowa chai, Modesti akapitisha kidole: huyu anasubiri basi la Mbeya, huyu anauguza, huyu karani wa Namanyere. Akakifunga. "Hawa wasafiri, waacheni," alisema. Hakuna hata mmoja aliyeguswa.

Kisha wakaja kwangu. Andwele alikuwa anatoka uani na chupa yake ndani ya sweta.

"Huyu ndiye shemeji yako?" Modesti aliniuliza. "Hapa kazi haikuandikwa."

Andwele alieleza mwenyewe, kwa utulivu, kwamba ana mgonjwa. Mgambo mmoja akacheka, akasema tangu asubuhi kila waliyemkamata ana mgonjwa. Modesti akanyoosha mkono kumnyamazisha. Alikuwa mtu wa haki, ndiyo maana sina pa kumlaumu.

"Balozi," alisema, "kama ni mgeni amekuja kuuguza, sema, tumwache. Kama ni mtu wa nyumbani kwako hana kazi, siwezi kumwacha kwa sababu ni shemeji yako. Watu wanatazama."

Watu walikuwa wanatazama kweli, wamejipanga ukuta mzima. Nikisema mgeni, swali la pili ni kwa nini hakuandikwa mgeni, na la tatu ni analala wapi na kwa makubaliano gani. Andwele alinitazama. Alikuwa anajua kila kitu na angeweza kukisema yeye: ninalipa, mimi ni mpangaji wake. Hakusema. Alinisubiri mimi, mkubwa, niseme kwa heshima yangu mwenyewe.

"Sema, mzee," alisema taratibu. "Uji unapoa."

Nikasema, "Ni kama ilivyoandikwa."

Alimpa Bertilla ile chupa. Hakupigana. Walimpandisha kwenye lori pamoja na vijana wa sokoni, wakapelekwa kwenye shamba moja kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kwenye joto.

Bertilla alikuwa amesimama na chupa ile. "Nenda kaseme," aliniambia. "Polikarp, nenda sasa hivi." Nikamwambia nitakwenda kesho, mambo yapoe. Nikachukua chupa, nikaenda hospitali mimi mwenyewe, kwa sababu nilitaka angalau hilo lifanyike vizuri.

Tusajigwe aliangalia mlango nyuma yangu. Niliona aibu kumwambia mumewe amekamatwa, maana angeuliza kwa nini. Nikamwambia amerudi Kirando mara moja, kuna kazi ya mtumbwi haikumalizika.

"Bila kuniaga?"

"Lori lilikuwa linaondoka," nilisema. Kiulaini hivyo. Mtu aliyeshindwa maneno machache asubuhi aliyapata mengi saa nne.

Hakula siku ile. Siku ya pili alikula vijiko vitatu, Bertilla akimbembeleza kama mtoto. Siku ya tano alimwambia Bertilla, "Dada, usijisumbue kupika. Kuuguza kunachosha. Hata mimi ningechoka." Halafu akageukia ukutani. Bertilla alirudi nyumbani akanisimulia, akaniambia ama niende ofisini ama yeye atakwenda wodini amweleze. Nikamkataza. Nilimwambia mgonjwa akijua mumewe yuko kifungoni atakufa kwa mshituko. Alinitii, na hajanisamehe kwa kumfanya anitii.

Ofisini nilikwenda, siku ya nane. Nilikaa kwenye benchi. Modesti aliponiona akaniuliza habari za mavuno, nikamjibu ya mahindi, nikamjibu ya ulezi, nikaaga.

Tusajigwe alikufa siku ya kumi na sita. Hawakumpasua, hakuwa na nguvu za kupasuliwa. Kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini, mazishi yakawa ya mtaa, na mtaa ni balozi. Nilichangisha sanda, nikatafuta wachimbaji, na makaburini nikazungumza. Nilisema kuhusu mgeni kufia mikononi mwa majirani wema. Nilizungumza vizuri, watu walinipa mkono. Bertilla alikuwa amesimama mbali, upande wa njia.

Andwele alirudi baada ya wiki tano. Balozi wa kule Kirando alipata habari, akatuma barua, wakamwachia. Alipita kwanza hospitalini. Alipofika kwetu alikuwa ameshaambiwa. Amekonda, macho ya njano, miguu imepasuka. Bertilla alimpa maji kwenye kibuyu, akanywa amesimama.

"Aliniulizia?" alimuuliza Bertilla.

"Alidhani umemwacha."

"Nani alimwambia nimemwacha?"

Bertilla alipokea kibuyu, akaingia ndani akafunga mlango. Tukabaki sisi wawili uani. Nilitegemea atanipiga, na ninaapa ningekubali. Alisema tu, "Nionyeshe alipo."

Nikampeleka makaburini. Kaburi lilikuwa bado na udongo mwekundu, halina msalaba, kuna kijiti tu. Alilitazama kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa mkali, naye hakuwa na sweta. Nilianza kusema pole, akanikata.

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

"Mwanangu, yeye hasikii tena."

"Mimi nikimwambia, ataona najitetea. Wewe alikuamini. Mwambie nilikuwa wapi."

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu, nikajichukia kwa kutazama. Kisha nikamwambia Tusajigwe kwamba mumewe hakwenda Kirando. Kwamba alikamatwa asubuhi ile akimletea uji, akapelekwa bondeni, na hakukuwa na lori lolote la dagaa.

"Ilikuwaje wakanikamata?"

Nikamwambia hilo pia. Daftari, shemeji, chumba cha uani.

"Ukaulizwa," alisema Andwele.

"Nikaulizwa," nilimwambia Tusajigwe, "na nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kuvuliwa ubalozi."

Andwele alipiga magoti akasawazisha udongo kwa kiganja, polepole, kama anavyopapasa ubao kutafuta palipobaki na mkwaruzo. Hakuniangalia.

"Upepo ni mwingi," alisema. "Hajasikia. Mwambie tena."

Nikamwambia tena, tangu mwanzo.