Diski Tatu za Thuranira

Mwanangu Thuranira alikuwa akitunza kompyuta kuu za kukadiria mvua, zile mashine nyingi zinazofanya kazi kama moja. Alipofariki, wazee walikuja hapa Mitunguu kugawa vitu vyake. Diski zake zilikuwa tatu, wakagawa sawasawa kama kawaida yetu: moja yangu, moja ya kaka yake Mutembei, moja ya dada yake Cicily. Alikuwa amejirekodi akiimba humo. Mimi nilitaka kuisikia hiyo sauti tu.

Jana mjukuu wangu Mukiri, binti wa Cicily, alichomeka yangu kwa kompyuta yake. Windows ikasema diski haisomeki, ifomatiwe?

"Usibonyeze, wee!"

"Sibonyezi, Cucu. Ikifomatiwa kila kitu kinafutika. Hebu niwashe Linux, ile inayotumiwa na kompyuta kuu."

Ikawaka. Nikasogeza kiti.

"Linux inaitambua," akasema polepole. "Lakini inauliza zingine mbili ziko wapi. Mjomba alizifunga pamoja kama kule kazini. Sauti imekatwa vipande vipande, ikawekwa kwa zote. Bila moja, hakuna kitu."

Cicily akaleta yake mbio. Tukampigia Mutembei.

"Ile diski? Iliniuliza kama ifomatiwe, nikakubali. Nimeweka nyimbo za kwaya. Kwani nini, Mama?"

Mukiri akaniangalia.

"Si kitu, Mutembei," nikasema. "Salimia watoto."

Hizo mbili bado ziko mezani. Mukiri aliuliza kama azitoe, nikamwambia aziache hapo.