Uswidi ya Ghala

Wiki ile mtoto wa dada yangu alikuwa Uswidi anasomea usanifu wa majengo, na wiki ile ile alikuwa amelala juu ya makatoni ya komamanga ndani ya stoo yangu hapa mtaa wa Ghala. Uswidi ni kwa alivyojua mama yake. Kwenye komamanga ni kwa nilivyomwona mimi.

Jina lake Humam. Siku ya kumsindikiza tulijaa uwanja wa ndege kama tunaopokea mahujaji. Dada yangu Mahbuba alikuwa kamtilia kwenye sanduku mchele, bizari, hiliki za kutosha mgahawa mzima, na koti moja nene ambalo kijana akilivaa anakuwa kama godoro lililosimama. Nikamwambia, "Humam, huko ukikosa kitanda usihangaike, jilalie mwenyewe tu." Watu wakacheka. Dada hakucheka, alikuwa na leso machoni. Tokea siku ile hapakuwa na harusi wala hitima mtaani kwake Bawshar ambapo watu hawakusikia kwamba mwanawe yuko Gothenburg, mji wa mvua, na anajifunza kuchora majumba.

Basi hata pongezi hazijamalizika, nafika stoo asubuhi, namkuta kijana kakaa pale tunaposhushia mizigo, lile godoro kalipakata, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

"Mtu harudi kutoka Uswidi kwa kuwa hajasahau kitu."

Akainamisha kichwa. "Usimwambie mama."

Mimi mtu wa mzaha, lakini mzaha wangu nimejifunza mahali pabaya. Biashara yangu ya kwanza ilikuwa samaki, na mashine ya baridi ya lori ilikufa katikati ya njia ya Duqm, joto la mwezi wa sita. Nilisimama jangwani na shehena ya nguru inanuka, na kila gari lililopita lilifunga vioo. Tokea hapo nikimwona mtu kafikwa, kwanza nampa chai, maswali baadaye. Nikampa chai. Akainywa, akaiweka gilasi juu ya katoni, akalala pale pale. Ssekandi, msimamizi wa stoo yangu, Mganda mtu mzima asiye na maneno mengi, akapita akaichukua ile gilasi.

Adhuhuri simu ya Humam ikalia. Video. Mama yake.

"Nisipopokea atajua," akasema, uso umemwisha damu.

"Na ukipokea ataona makomamanga."

Tukatazamana. Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza, na mimi nikamsikiliza kwa sababu alikuwa anachekesha. Nikafungua mlango wa chumba cha baridi, kile tunachowekea matufaha. Kuta nyeupe pepe, taa nyeupe, baridi ya kung'ata masikio. Nikamvika lile koti nikamsukuma ndani.

"Masikini mwanangu," nikamsikia dada yangu kwenye simu. "Unatoka moshi mdomoni."

"Ndo kulivyo, mama."

"Mpaka ndani ya nyumba?"

"Niko darasani."

"Darasa gani halina hita?"

"Wanapenda hivyo. Wanasema akili inafanya kazi zaidi."

Nilikuwa nyuma ya mlango nimeuma mkono wa kanzu. Mahbuba akaanza kumwombea dua, moja baada ya moja, na kijana anaitikia amina huku meno yanagongana kweli. Kisha ikasikika sauti nyingine. Namubiru, anayefanya kazi nyumbani kwao tokea Humam yuko darasa la kwanza, alikuwa kaingiza kichwa kwenye simu.

"Humam, umekula? Chumba chako nimekifunika mashuka, vumbi lisiingie. Ukirudi utakikuta kama ulivyokiacha."

Humam akaitikia kwa kichwa. 

Alipotoka mle ndani mimi bado nacheka. Yeye hakucheka. Akavua koti, akakaa chini. "Kaniombea dua, mjomba," akasema. "Na mimi nimesimama kwenye matufaha."

Kicheko kikanikauka. Nikamwuliza, haya, nini kimekutoa huko. Nikadhani atasema baridi, au chakula, au mapenzi, maana hayo matatu ndiyo yanayowarudisha watoto wetu. Akaniambia vikombe.

"Vikombe?"

Ikabidi anieleze kituo kwa kituo. Chuoni kwao kila mwanafunzi ana meza yake kwenye ukumbi mmoja mkubwa, na pembeni kuna jiko dogo la wote. Siku za mwanzo alikuwa na furaha ya kuruka. Wenzake wapole, kila mmoja kampa mkono na jina. Msichana wa meza ya jirani, Tuva, kamwonyesha duka la kununulia mbao za kutengenezea vielelezo vya nyumba. Kazi ya kwanza waliyopewa ilikuwa kuchora jiko la watu wengi, na Humam kalichora kwa ufundi wake wote, mstari hautetemeki. Mwalimu akasimama mbele ya mchoro muda mrefu, halafu akauliza kwa upole kwa nini jiko liko nyuma kabisa, lina mlango wake peke yake, na halina dirisha.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nyumba zetu ndivyo zilivyo. Akauliza, na huyu anayepika anaangalia nini? Nikasema sijui. Sijawahi kusimama pale."

Hilo likapita. Tabu ilikuwa ile karatasi. Juu ya sinki ya jiko lao ilibandikwa karatasi, ya zamani, kingo zimejikunja, imeandikwa Kiswidi kwa herufi kubwa. Humam kila akipita anaitabasamia. Alidhani wanamkaribisha. Anachemsha chai yake ya hiliki, anakunywa mezani anachora, kikombe anakirudisha pale chini ya karatasi, kesho anachukua kingine. Mpaka asubuhi moja, anangoja maji yachemke, hana la kufanya, akaielekezea simu ile karatasi imtafsirie.

*Mama yako hafanyi kazi hapa.*

"Damu ikanipanda, mjomba. Mama yangu wamemjulia wapi?"

Akaichana. Si kuibandua, kuichana vipande. Akaingia nayo ukumbini, watu wote wako kwenye meza zao, mwalimu yumo, akauliza kwa sauti: nani kamtaja mama yangu?

Nilitaka kufanya mzaha hapo. Hapana mtu wa kwetu ambaye asingeuliza swali lile. Ungemwandikia hivyo mtu yeyote huku Ghala, ingebidi aletwe mtu wa kuwaamua. Lakini nilimwona kijana kashika magoti, mzaha nikauacha.

"Wakainua vichwa," akasema. "Halafu Tuva akainuka, akanambia njoo. Akanipeleka jikoni. Akanionyesha vile vikombe. Akasema, karatasi ipo hapa toka kabla yetu, haimsemi mama wa mtu, inasema kila mmoja aoshe chake. Kisha akasema, hivi vyote vyako."

"Kajuaje?"

"Maganda ya hiliki. Kila kikombe kina maganda yamegandia chini. Hapana mwengine anayekunywa chai ile." Akajifuta uso. "Wangenicheka ningekaa, mjomba. Wangenitukana ningekaa zaidi. Hawakusema neno. Wakarudi kwenye kazi zao. Nikatazama sinki, na wallahi sikujua pa kuanzia. Nikachukua koti."

Chuo kilikuwa kimemwandikia. Asipoonekana Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Tuva naye kamtumia ujumbe: meza yako bado ipo, hatujaweka kitu juu yake. Kila akiusoma ule ujumbe alikuwa anafunga macho.

"Basi rudi," nikamwambia. "Mimi nilirudi sokoni na harufu ya nguru bado iko kwenye nywele."

"Wewe nguru walioza wenyewe," akasema. "Mimi nilisimama mbele ya watu nikagombana kwa ajili ya mama yangu, na aliyekuwa anamfedhehi ni mimi."

 Nikamtilia chai nyingine.

Kesho yake dada akapiga tena. Tukaingia kwenye mchezo wetu ule ule, koti, mlango, kuta nyeupe. Safari hii sikucheka, nilitaka tu imalizike. Ilikuwa inakwenda vizuri. Mahbuba anamsimulia kwamba kamwambia shangazi yake wa Madinat Sultan Qaboos juu ya darasa lisilo na hita, na shangazi kalia. Mara mlango wa nyuma wa chumba cha baridi ukafunguliwa, Ssekandi akaingia na katoni begani, akasema kwa sauti yake nzito, "Bosi Hamoud yuko wapi? Gari la Nizwa limefika."

 Mashine za baridi zenyewe niliona zimenyamaza.

"Humam," dada yangu akasema taratibu. "Mpe simu mjomba wako."

Nikaipokea. Nina umri wa kuitwa babu, na nilishika simu ile kama mtoto aliyevunja bakuli.

"Hamoud."

"Labeka, dada."

"Nakuja."

Kutoka Bawshar si mbali. Alifika peke yake, buibui la nyumbani, hata mkoba hakubeba. Hakupiga kelele. Kwetu anayepiga kelele ni mimi. Alikaa juu ya katoni, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, na nikaona bora angenizaba kibao. Nikafanya ninachokijua. Nikatia chai, gilasi tatu.

"Watu ntawaambia nini?" akauliza, hamwulizi mtu. "Jana nimemliza shangazi yako kwa baridi ya matufaha ya Hamoud."

"Waambie karudi kuchukua hiliki," nikasema.

Akanigeukia. Nikarudi kwenye gilasi yangu.

"Sema wewe," akamwambia Humam. "Walikupiga?"

"La."

"Unaumwa?"

"La, mama."

Basi akamsimulia. Alianza na baridi, nikamwona anatafuta njia ya kupitia pembeni, kisha akaiacha. Akasema jiko lisilo na dirisha, akasema karatasi, akasema alivyoichana na alivyouliza. Pale dada yangu akainua kichwa, nusu ya uso wake ikafurahi, siwezi kuficha. Mwanawe kamtetea ugenini. Kisha akauliza:

"Na vikombe vilikuwa vya nani?"

"Vyangu."

"Vyote?"

"Vyote."

Ile furaha ikaondoka. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaiweka gilasi chini kama inayoweza kupasuka.

"Karatasi haikusema uongo," akasema. "Mama yako hafanyi kazi kule." Akavuta mtandio. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo, nikainama ili nisikie. "Na nyumbani pia hafanyi. Anafanya Namubiru. Sikukufunza kuosha hata kijiko. Nikakutilia koti."

Humam akaanza, "Mama, si wewe..."

"Nyamaza. Leo kuna ndege?"

"Kesho asubuhi ipo."

"Utakwenda nayo. Inuka."

Tukainuka wote watatu. Alikuwa kashafika mlangoni, na sisi nyuma yake, Ssekandi akaja kama anavyokuja siku zote, akanyosha mkono pale kwenye katoni. Dada yangu akageuka. Zilikuwa gilasi tatu, zimekaa tulipoziacha, moja pale alipokuwa kakaa kila mtu. Yake, ya mwanawe, na yangu, mimi niliyekuwa tokea jana namcheka kijana kimoyomoyo kwa kushindwa na sinki.

"Ndugu yangu, ziache," Mahbuba akamwambia Ssekandi. Ssekandi akanitazama mimi, anangoja bosi aseme. Bosi alikuwa anatazama sakafu.

Humam akazizoa zote tatu, akazipeleka kwenye mfereji wa nyuma, pale tunapooshea mboga. Tukamfuata, sijui kwa nini, kama watu wanaofuata jeneza dogo. Akafungua maji. Akasimama.

"Mjomba, sponji iko wapi?"

Stoo ile nimeijenga mwenyewe. Kila mlango, kila waya wa umeme naujua. Nikafungua kabati, hamna. Nikaangalia nyuma ya mapipa. Dada yangu naye akainama kutafuta chini ya beseni, na buibui lake. Mwisho ikabidi nimwite Ssekandi. Akaja, akaitoa kwenye kikopo kilichoning'inia juu ya vichwa vyetu, akaondoka bila kusema neno, kama wale wa Gothenburg.

Humam akaanza kusugua. Vibaya, maji yanarukia kanzu.

"Ile karatasi uliichana kabisa?" mama yake akamwuliza.

"Vipande vipande."

"Utaandika nyingine."

"Kwa Kiswidi?"

"Kwa lugha yao. Maneno yale yale, usipunguze hata moja. Na uibandike wenzako wapo, wanakuona."

Mikono ya Humam ikasimama ndani ya maji. Niliona amekwisha kufika kule, kashika gundi, ukumbi mzima umegeuza shingo. Masikio yalimwiva. Kisha akaendelea kusugua, gilasi ya mwisho, yangu, akaiinua kwenye mwanga.

"Hiliki imegandia," akasema. "Haitoki."

"Kwangua," dada yangu akasema, akakunja mikono ya buibui, akasogea kumwonyesha, ingawa nilimwona anasita, hajui aanze na kidole kipi.