Hodi ya Asubuhi

Tangu Kinyozi aache pombe, chumba chake kilikuwa kimya mno hata akawa anasikia birika likipoa. Zamani alikuwa hajamaliza kufunga saluni, tayari wanamsubiri mlangoni: Mluzi, fundi rangi aliyepewa jina hilo kwa kupenda kupiga mluzi, na wenzake wawili watatu. Walikunywa pamoja, wakaanguka pamoja, wakakokotana hadi nyumbani. Siku hizi walivuka upande wa pili wa barabara kama watu waliokumbuka jambo ghafla. Si kwamba walimchukia. Hawakujua tu wazungumze nini na mtu asiye na glasi mkononi. Mkewe naye alikuwa ameshakwenda zake, na habari za kuacha pombe hazikumrudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliyemnyanyua ni shangazi yake. Siku moja alimkuta amelala kizingitini kwake mwenyewe, funguo mkononi. Hakumkemea. Alimwingiza ndani, akamchemshia chai, akamwambia, "Mwanangu, mimi sina dawa. Ukiamka sema, 'Nishike leo.' Ukienda kulala sema, 'Asante.' Basi, sala yenyewe ndiyo hiyo."

"Namwambia nani, shangazi? Mimi na mambo ya dini tuliachana zamani."

"Kwani mtu akipiga hodi huwa ameshajua nani yuko ndani? Wewe piga hodi."

Akapiga. Mwanzoni aliona haya japo alikuwa peke yake. Aliyasema maneno yale harakaharaka huku akivaa soksi, kwa sauti ya chini, kama anayemsalimia mtu bila kuwa na hakika kama wanafahamiana. Hakuna aliyeitika. Ila siku ilipita bila kunywa, na ya pili yake ikapita.

Alasiri moja dada yake Mluzi aliingia saluni. "Kaka, Mluzi amelazwa. Ini limechoka. Hataki kuona mtu, lakini analalamika ndevu zinamwasha. Nikasema hakuna wa kumnyoa ila wewe."

Kinyozi alifunga mkoba wake, akaenda. Alimkuta rafiki yake amebaki mifupa na tumbo, macho ya manjano, midomo imepasuka hata mluzi haupigiki.

"Umekuja, mtakatifu," Mluzi alisema.

"Nimekuja. Inua kidevu."

Akampaka povu, akaanza shavu la kulia, taratibu, maana ngozi ilikuwa imelegea. Alipolimaliza, Mluzi alimshika mkono.

"Niletee kachupa kadogo. Kafiche humo kwenye mkoba, nani atakagua?"

"Siwezi, ndugu yangu."

"Nimekutoa mtaroni mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Basi na mimi leo nitoe."

Kinyozi alifuta wembe. Kilichomtisha si kiu. Ni vile alivyojiona, wazi kabisa, ameketi ukingoni mwa kitanda kile, wanapokezana chupa na kucheka kama zamani. Akatikisa kichwa.

"Toka!" Mluzi alifoka, povu bado liko shavu la kushoto. "Toka, usinionyeshe uso wako!"

Akatoka. Karibu na lango la hospitali palikuwa na baa, na mtu aliyemjua akamwita kutoka ndani, "Kinyozi! Karibu, kiti hiki hapa!" Ulikuwa umepita muda mrefu hajaambiwa karibu. Alisimama pale mpaka wapita njia wakawa wanamkwepa. Haikuwa asubuhi, lakini alisema: "Nishike leo." Hakusikia sauti yoyote, wala moyo haukupata joto. Miguu tu ndiyo iliyoondoka.

Nyumbani alikaa kitandani akalia. Kisha akasema asante, bila kujua ya nini, na kwa mara ya kwanza akaongeza: "Na yule pia. Mshike." Chumba kilikuwa kimya vilevile, lakini safari hii alihisi kama mtu anayesikilizwa.

Kesho yake alirudi. Wodi nzima ilikuwa inacheka.

"Umeniacha kama mbuzi aliyetoroka machinjioni," Mluzi alisema.

"Si ulinifukuza?"

"Nani alikwambia unisikilize?"

Akamnyoa shavu lililobaki. Mluzi alifumba macho, akauliza, "Unawezaje?"

"Kila asubuhi naomba nishikwe siku hiyo moja."

"Unamwomba nani?"

"Bado sijui. Napiga hodi tu."

"Mimi sina nguvu za kugonga," Mluzi alisema. "Nigongee wewe."

Kuanzia hapo Kinyozi akawa anasema, "Tushike leo." Alikwenda kumwona kila alipofunga saluni. Hawakuongea sana. Mara nyingi Mluzi alikuwa usingizini, naye alikaa tu.

Kisha dada mtu alikuja tena, akasimama mlangoni bila kuingia, na Kinyozi akaelewa kabla hajaambiwa. Walizika wakiwa wachache. Wale wenzao wa zamani walimpa mkono bila kumtazama, wakaondoka pamoja.

Asubuhi iliyofuata aliamka, akaketi, akasema, "Tushike leo." Ndipo akasikia alivyosema: tushike. Alibaki ameduwaa, soksi moja mguuni, akijiuliza kama airudie sala upya. Hakuirudia. Alivaa soksi ya pili, akaenda kufungua saluni.