Mguu wa Mkamwana

...na mguu wenyewe mzito, nani angedhani, mtu mwembamba kama ufito lakini mguu wake umelala mapajani mwangu kama mtoto aliyeshiba, na bado anajaribu kuuvuta, "Mama, acha tu, nitajifunga mwenyewe, si adabu," ananiambia mkamwana wangu, si adabu kitu gani, kilomita sitini na nane umekimbia tangu alfajiri, kuinama ufungue kamba ya kiatu huwezi, adabu ndiyo umeikumbuka, tulia, nasema, nimeshika vya watu vingi kuliko mguu mimi, miaka thelathini na moja ya ukunga, hakuna kitu cha binadamu cha kunishtua, isipokuwa hili lengelenge, hili kidogo limenishtua, limekaa kisiginoni limejaa maji kama yai la njiwa, na lenzake kwenye kidole gumba, na ukucha wa kidole cha pili umekuwa mweusi kama zambarau, Mungu wangu, mtu analipata wapi wazo la kukimbia kilomita mia moja kwa siku moja na hakuna aliyemfukuza... "Naacha," ndivyo alivyosema alipoingia kwenye geti la hii shule, hata salamu hakutoa, akajibwaga kwenye kiti cha plastiki, "Mama, naacha," na mimi, Mungu anisamehe, moyo ukaniruka kama wa mtu aliyesikia jina lake limetajwa kwenye bahati nasibu, ikabidi niangalie chini kwenye beseni nisije nikaonekana meno, halafu nikakumbuka karatasi, ile karatasi ya maagizo, ameiandika kwa mkono wake, mwandiko wa mpima ardhi, herufi zimesimama kama vigingi vya mpaka, namba saba, "Nikisema naacha, nikalisheni dakika kumi kwanza. Msinihurumie. Zikiisha nikasema tena naacha, basi nimeacha kweli," kwa hiyo nimefungua saa ya kwenye simu, nimeiweka juu ya kifuniko cha ndoo, inahesabu kurudi nyuma, zimebaki nane na kitu, dakika nane tu twende zetu nyumbani, kabla ya saa kumi nimeshainua miguu, na yeye amelala kwenye kochi langu, na hizi habari za kukimbia zimekwisha... wala si mimi niliyepaswa kuwa hapa, msaidizi wa mkimbiaji ni mumewe, yaani mwanangu, hiki kizibao cha manjano kilichoandikwa MSAIDIZI ni chake, ndiyo maana kinanibana kifuani, mimi nilikuja kushika mwavuli, lakini mwanangu kituo cha pili akasema ngoja aonje vile vipakiti vya uji mtamu wa nguvu anavyokula mkewe njiani, eti vina ladha ya embe, akaonja kimoja, akaonja vinne, na tangu saa sita mchana yuko kwenye vyoo vya shule za watu, kila kituo choo chake, leo katika familia hii waliokimbia ni wawili, "Mama, nakuja!" anapiga kelele sasa hivi kutoka nyuma ya madarasa, anakuja, tangu saa sita anakuja... "Anaendeleaje?" anauliza mkewe, macho amefumba, hajambo, nasema, anasukuma, na angalau hapo nimemwona ametabasamu upande mmoja wa mdomo, lakini upande mmoja tu, wa pili umechoka.

Spiriti, sindano, pamba, nichome sindano upande wa chini ili maji yatoke yenyewe, mikono haijasahau, na huyu bwana mwenye kipaza sauti jamani, "WAKIMBIAJI, KITUO KINAFUNGWA SAA TISA KAMILI, ATAKAYEKUWA HAJATOKA SAFARI YAKE IMEISHIA HAPA," baba, tupo watu watatu kwenye huu uwanja na wewe ni wa tatu, umesimama hatua mbili kutoka sikio langu, na saa tisa nimeiona inakuja, imebaki robo, ninayo saa na mimi, nimempa jicho lile nililokuwa nawapa wanaume waliokuwa wakichungulia mlangoni kwenye chumba cha kujifungulia, ameshusha kipaza sauti, amekinyanyua tena, ana kazi yake, maskini... "Mama," ananiambia mkamwana, bado macho kafumba, "vile viatu vya kijani bado havijaonekana?" na sindano imesimama mkononi, hatujaviona, nasema, tumetafuta weee, na nimesikia mwenyewe nilivyosema tume, tume nani na nani, kama vile uongo ukibebwa na wawili unakuwa mwepesi, "Basi vitakuwa vimebaki nyumbani," anasema, "nitakuwa nimevisahau mimi," anajilaumu yeye, anajilaumu mwenyewe na mguu wake uko mkononi mwangu, na viatu viko hatua ishirini kutoka hapa, kwenye buti la gari, ndani ya ndoo nyekundu, chini ya blanketi, na juu ya blanketi nimeweka dumu la maji ili mtu asije akalivuta kwa bahati mbaya, nimeviweka kwa mikono hii hii inayompaka spiriti, leo alfajiri wakimbiaji wakipasha viungo moto, namba tatu ya karatasi inasema wazi, "Kituo cha tatu, kilomita hamsini, viatu vya kijani, ni vikubwa kwa namba moja, miguu itakuwa imevimba," nami kituo cha tatu nikasimama hapo na mwavuli wangu nikasema sijui, labda, hebu mwulize mumeo, na mumewe yuko chooni, na yeye akaondoka na vile vya zamani vinavyombana, kilomita kumi na nane, na hili yai la njiwa ni langu, nimelitaga mimi... sikuwa na nia mbaya, au nilikuwa nayo, nilijua viatu vikimbana atachoka mapema atasema basi, yakishakwisha nitamkanda miguu kwa maji ya chumvi, mkunga mzima mstaafu nimekaa nimepanga njama kama mwizi wa kuku, na ukiniuliza kwa nini nitakwambia ni kwa ajili ya magoti yake, watu wote nimewaambia ni magoti, magoti hayana vipuri, nikawaambia na kwamba mwanangu anapika uji mwenyewe asubuhi mke yuko barabarani, na mwanangu uji anaupenda kuupika, anaimba, nimemsikia, hapana, ni Jumamosi, ndiyo hivyo, ni Jumamosi tu, kabla hajaanza huu wazimu wa kukimbia Jumamosi alikuwa anakuja kwangu saa mbili asubuhi na mkate, anavua viatu mlangoni, tunakaa jikoni tunapiga soga mpaka adhuhuri, ananisimulia ofisi yao yote, nani kamnunia nani, nani kapima kiwanja kikatoka na pembe tano, mimi namsimulia wodi, hata zile ambazo sikumsimulia marehemu mume wangu, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta, watu wana binti wa kuzaa na hawacheki hivyo, halafu siku moja amenunua saa ya mkononi inayohesabu hatua, na Jumamosi ikawa kilomita thelathini, Jumapili anapumzika, na mimi saa mbili asubuhi nimekaa na vikombe viwili, sasa utamwambia nani, mtu mzima wa miaka sitini na nne, kwamba unaionea wivu barabara... 

Dakika sita na nusu, hapana, sita kamili, funga plasta, kaza lakini usibane, "Usiniulize kama nimechoka," hiyo namba tano, nikamwuliza, kituo cha kwanza kabisa, neno la kwanza, "Msilie," namba sita, nikalia, lakini ile haikuwa ya huruma, nilijifuta jasho kwa taulo lake na taulo lina dawa ya kuchua misuli, macho yakawaka moto, akasimama yeye mkimbiaji kunifariji mimi msaidizi, "Usijali Mama, niko sawa," dakika mbili zimepotea ananipulizia jicho, msaidizi gani huyu, kama kuna mashindano ya wasaidizi nimeshatolewa... "Mama," anasema, sauti inatoka mbali kama ya mtu wa usingizini, "unajua kwenye ule mlima wa kilomita sitini nilikuwa nafanya nini?" mlima ule tumeupanda kwa gari na gari lenyewe lililalamika, ulikuwa unafanya nini, nasema, "Nguzo za umeme," anasema, "nilikuwa nakusimulia," nini, "kila nikifika nguzo moja nakusimulia jambo moja, nimekusimulia bosi wetu alivyopima shamba la watu akapima mpaka na choo cha jirani, kimeingia kwenye ramani, jirani amekuja ofisini anadai choo chake," na mimi nimecheka, sikutaka, imetoka puani, "nimekusimulia na yule sekretari aliyerudiana na mumewe, nguzo tatu nzima, nikawa nasema hii Mama akiisikia ataanguka, huwa nafanya hivyo kila Jumamosi, hujui tu, kilomita thelathini ni ndefu, mtu unahitaji wa kuongea naye," na mimi nimeshika bandeji, nimeishika tu, haina kazi yoyote, kila Jumamosi, yaani nimekaa jikoni na vikombe viwili kumbe mwenzangu ananibeba barabarani, anapanda na mimi milima, mimi na kilo zangu themanini na sita, na hakusema, na mimi sikuuliza, na viatu viko chini ya blanketi... "Kuna moja sijaimaliza," anasema, "ya sekretari, nilisema mwisho wake nitauwekea kilomita tisini, pale patakuwa pabaya," na midomo imeanza kumtetemeka, "lakini basi tena, sitafika, dakika ngapi zimebaki, Mama?" tatu na kidogo, nasema, tatu, na sasa sitaki ziishe, ajabu hii, tangu saa mbili asubuhi namwomba Mungu aseme naacha, ameshasema, namwangalia na najisikia kama mtu aliyeshinda kesi ya uongo.

Lakini ukimwangalia hivi hatainuka, namjua mtu ambaye hatainuka, nimewaona mia ngapi, wale wapole ndio waliokuwa wananinyima raha, wanaosema asante nesi, samahani nesi, wanajilaumu, wanafumba macho, mtoto amekwama pale pale na mama mtu anaomba radhi, wale ambao sikuwahi kuwaogopa ni wanaotukana, akifika mahali ananitukana mimi na mama yangu aliyenizaa, anautukana ukoo mpaka babu wa tano, mimi nafunga glavu, najua dakika tano hizi mtoto analia, hasira inamwinua mtu kitandani, na huyu hapa amejaa samahani mpaka kwenye kope, anatakiwa akasirike, na hapa uwanjani kwa bahati kuna mtu mmoja anayestahili hasira yake, na si bwana wa kipaza sauti, japo naye... ningeweza kusema ni mwanangu, yuko chooni hawezi kujitetea, wazo hilo limenijia, sitasema uongo, limekuja na limekaa likanitazama, nimelifukuza, mbili na nusu, meza mate, sema, "Viatu viko kwenye buti," nasema. "Viatu vipi?" Vya kijani. Amefumbua macho, "Vimeonekana!" anasema, anafurahi, maskini ya Mungu, "nani ameviona?" havikupotea, nasema, niliviweka mimi, chini ya blanketi, tangu alfajiri. "Bila kujua," anasema, ananitafutia mlango wa kutokea, hata sasa adabu, adabu mpaka kaburini, na mlango ninauona uko wazi, ni kupita tu, makusudi, nasema. "Makusudi?" Makusudi, nikaweka na dumu la maji juu. Na mguu mkononi mwangu umekakamaa, kutoka kisigino mpaka ugoko, umekuwa kama mpini wa jembe, na macho, macho yale hayajafumba tena, "Mama!" anasema, na hiyo siyo Mama ya heshima, hiyo ni Mama ya mtu aliyekanyaga msumari, "kilomita kumi na nane, Mama! Nimekanyaga moto kilomita kumi na nane, najiambia mimi mjinga nimesahau viatu, na wewe umesimama hapo, na, na mwavuli!" na mwavuli, nasema, kweli. "Kwa nini?" Nilitaka uache, uje nyumbani tunywe chai. "Chai!" Chai, nasema, endelea, "Wewe ni mtu mbaya," anasema, amekishika kiti kwa mikono miwili, "samahani lakini, kwa heshima zote, Mama, ni mtu mbaya sana, na ningekuwa, ningekuwa..." ungekuwa nini, sema, usikatishe, toa yote, nami kifuani kumenifunguka, kizibao hakinibani tena, mashavu yake yamerudi rangi, pua imepanuka, naijua pua hiyo, "WAKIMBIAJI, DAKIKA NANE," anasema bwana wa kipaza sauti, "NA WEWE NYAMAZA!" mkamwana wangu amemgeukia, mpole wangu huyu, hajawahi kupandishia sauti hata kuku, na bwana wa watu amerudi nyuma, "Mama, nakuja!" mwanangu anaita kutoka chooni, "KAA HUKO HUKO!" anamjibu, halafu amenigeukia mimi, anahema, meno yamekazana, "Ufunguo wa gari uko wapi?" anasema, na bado amekaa, na mimi bado nimekaa, na mguu bado uko mapajani mwangu, naukausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, polepole, nisiache unyevu hata kidogo, na sijatukanwa nikasikia raha namna hii tangu nistaafu.