Meza Ambayo Gijsbert Hakuifikia

Kanisa letu hapa Veluwe, Uholanzi, hujaa watu mia sita, lakini siku ya Chakula cha Bwana wanaoinuka kwenda mezani hawafiki ishirini. Sisi wengine tunabaki kwenye mabenchi tukimung'unya peremende na kuwatazama. Hakuna aliyetukataza. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla ya kuumba ulimwengu, na asiye na hakika akila mkate ule, anakula hukumu yake mwenyewe. Sasa nani awe na hakika? Mume wangu Gijsbert alikaa benchini miaka arobaini na tisa.

Saratani ilipombakiza ngozi na mifupa, aliniambia tukiwa mezani, supu ya njegere ikimpoea mbele yake, "Hilletje, Jumapili hii nakwenda kula na wenzangu."

"Wewe?"

"Mimi. Jana nilikuwa zizini nawatazama ng'ombe, nikajua tu kwamba Mungu ananipenda. Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Nilijua kama ninavyojua kwamba wewe uko hapo."

Mke mwema angefurahi. Mimi niliogopa, nikamwita Evert, mzee wa kanisa. Alikuja na koti lake jeusi, akapokea kahawa.

"Ndugu Gijsbert, mgonjwa huhisi mengi," alisema. "Mungu habadiliki. Hapandi akashuka kama mioyo yetu. Ambaye hakumchagua tangu milele, hawezi kumhurumia leo kwa sababu anaumwa."

"Na kama alinichagua tangu milele, ila mimi ndiye niliyechelewa kujua?"

Evert alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Jipime, ndugu yangu. Jipime tena."

"Nimejipima miaka arobaini na tisa, Mzee Evert. Hata ndama wa mnadani hapimwi hivyo."

Nilicheka kidogo. Evert hakucheka.

Jumapili ikafika. Mchungaji alialika, wale wachache wakaanza kusogea mbele kwa macho yaliyoinama. Gijsbert akashika ukingo wa benchi, akajisukuma juu taratibu. Nikaona kofia za akina mama zikigeuka, moja baada ya nyingine. Niliwaza watakayoyasema wakifika nyumbani: eti huyu muuza maziwa naye, kaokoka lini? Nikamshika pindo la koti, nikamvuta. Wala sikutumia nguvu, maana hakuwa na uzito wa kumshinda mtu. Akaketi. Hakunitazama, na tulipofika nyumbani hakulitaja jambo hilo. Alikufa siku ya kumi na moja baada ya Jumapili ile.

Baada ya mazishi watu walikunywa kahawa ukumbini. Nilimfuata Evert pale dirishani. Nilikuwa na hasira siku tatu, na nilitaka kumtemea mtu.

"Mzee Evert, Gijsbert angekula ule mkate, Mungu angebadilika?"

"Hapana, mama."

"Na kwa kuwa hakula, amebadilika?"

"Hawezi kubadilika."

"Basi mlikuwa mnamlinda nani, hata mkamtia hofu maiti anayetembea?"

Nilitaka swali limchome, na lilimchoma. Aliweka kikombe chini.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuketi mezani pale," alisema. "Unajua hivyo, kijiji kizima kinajua. Nawaambia watu wajipime kwa sababu sijui cha kuwaambia kingine. Lakini Jumapili ile nilimwona akiinuka. Nikasema moyoni, huyu akithubutu, na mimi namfuata. Nilikuwa nimeshaweka kitabu changu cha zaburi pembeni."

Nikageuka kutazama nje dirishani.

"Nimeliwaza kila siku tangu siku ile," aliendelea. "Wewe ulikuwa karibu naye. Kwa nini aliketi?"

"Miguu," nikamjibu. "Miguu ilimwishia nguvu."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanishika mkono, akanipa pole.