Maneno Ambayo Mchungaji Hakuyasema

Alhamisi asubuhi Nesta alikuwa anashona midomo ya magunia ya mchele kwenye kibanda chake sokoni Tunduma, Mchungaji Eliakim alipofika akihema.

"Mwalimu Fanueli, mkalimani wetu, sauti imekatika," alisema. "Hata kuita paka hawezi. Na mgeni wetu wa kongamano ameshafika kutoka Kasama, anahubiri kwa Kibemba. Saa nne tunaanza. Nakuomba ukatafsiri."

"Mchungaji, Kibemba changu ni cha kuuzia mchele."

"Mungu atakijazia."

Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wanasikiliza, na wawili walishaanza kumpigia makofi. Nesta alifunga turubai, akaenda nyumbani kubadili nguo.

Pale kanisani walimjua kama mtu wa kutegemewa. Alikuwa anaimba kwaya, akipika misibani na kutoa sadaka bila kukumbushwa. Jambo moja hakuna aliyelijua: alikuwa hajaomba kwa miaka miwili. Mama yake alipougua figo kule Iyula, Nesta alifunga siku ishirini na moja akimwombea. Siku ya ishirini na mbili mama akafariki. Tangu hapo, kila waliposema tuombe, yeye alifumba macho na kuhesabu moja, mbili, tatu, mpaka wenzake waseme amina. Hakujua kama ameacha kuamini au amechoka tu. Hakuwa amemwuliza mtu, maana hakujua swali lenyewe lianzie wapi.

Siku ya kwanza ilipita salama. Mchungaji Watson, yule mgeni wa kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa mtu mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti nzito, na alihubiri kwa sentensi fupi fupi kama anayemhurumia mkalimani wake. Nesta alisimama kando yake na kipaza sauti cha pili. Yeye akisema mimi, Nesta naye anasema mimi. Akinyoosha mkono, Nesta ananyoosha. Jioni watu walimshika mkono wakamwambia amepakwa mafuta. Aliitikia asante, huku moyoni akijiona kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Ijumaa Mchungaji Watson aliacha mahubiri akaanza kutoa ushuhuda wake. Hema la kongamano lilikuwa limejaa, watu kama mia nne, wengine wametoka Ileje na Mbozi. Nje, upande wa barabara kuu, malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka mpaka kama kawaida.

"Mke wangu aliugua Jumapili," Nesta alitafsiri. "Jumamosi nikamzika. Watu walipoondoka nilibaki peke yangu kaburini. Nikapiga magoti. Nikamwambia Mungu..."

Hapo dereva mmoja akachomekea foleni. Malori yote yakaanza kupiga honi kwa pamoja. Mchungaji Watson hakunyamaza. Nesta aliona midomo yake ikicheza, aliona amejiwekea mkono kifuani na kufumba macho, lakini hakusikia hata neno moja. Honi zilipokatika, mzee alikuwa ameshamaliza. Alifumbua macho akamtazama, akimngoja.

Kumwomba arudie lilikuwa jambo la sekunde tatu. Baadaye Nesta alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Watu mia nne walikuwa wanamtazama mdomoni, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nikamwambia Mungu sina la kukwambia," alisema. "Nimefunga, nimeomba, hukunisikia. Basi na mimi nanyamaza. Nikanyamaza miaka miwili. Kanisani nilikuja, nyimbo niliimba, lakini wenzangu wakiomba mimi nilifumba macho nikahesabu namba mpaka wakasema amina."

Halafu kwenye safu ya tatu mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibana muda mrefu. Mwingine akafuata. Mchungaji Watson, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, aliona machozi, akatikisa kichwa polepole na kuendelea. Nesta alitafsiri yote yaliyobaki neno kwa neno.

Wakati wa chakula cha mchana yule mwanamke wa safu ya tatu alimfuata. Alikuwa mama wa makamo, ngozi imeungua na jua la shamba.

"Shikamoo, mama," alisema Nesta.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Roda, natoka Msangano. Nataka umwambie mtumishi kwa lugha yake kwamba leo amenisema mimi." Alimshika Nesta mikono yote miwili. "Kijana wangu alikufa maji wakati wa mvua, mwaka wa tatu huu. Toka siku hiyo sijasema na Mungu. Nilidhani niko peke yangu duniani, kwamba mimi nimelaaniwa. Kumbe hata mchungaji! Naye alinyamaza, na bado Mungu anamtumia. Nimetoka nje sasa hivi nikaomba. Kidogo tu, lakini nimeomba. Umwambie."

"Nitamwambia," alisema Nesta, akaiweka chini sahani yake ya wali.

Alizunguka nyuma ya hema mara mbili. Kama angenyamaza, nani angejua? Mama mmoja alikuwa amefunguliwa kinywa, na je, hilo lilikuwa baya? Lakini kilichomfungua ni maneno aliyosingiziwa mzee wa watu, tena juu ya kaburi la mkewe. Nesta alijiuliza kama Mungu anaweza kupita kwenye uongo. Akajiuliza tena kama ulikuwa uongo kweli, maana yote aliyoyasema yalitokea, ila hayakumtokea yule aliyetajwa.

Mwishowe alibisha hodi ofisini kwa Mchungaji Eliakim, alikokuwa amepumzika mgeni. Alipiga magoti kidogo kumsalimia, kisha akamweleza kila kitu kwa Kibemba chake cha sokoni, akitafuta maneno kama anayetafuta sarafu iliyoanguka ndani ya mchele.

Mchungaji Watson alisikiliza mpaka mwisho.

"Mayo," alimwita, kama wanavyomwita mama huko kwao, "mimi nilisema natotela. Nilimwambia Mungu asante. Palepale kaburini. Huo ndio ushuhuda wangu, nimeutoa miaka kumi na nane."

"Naelewa, baba. Nimekukosea."

"Na hayo uliyoyasema, uliyatoa wapi?"

Nesta alitazama sakafu. "Ni ya kwangu."

Alimtarajia akasirike. Mzee alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mchungaji Eliakim, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kinachoendelea, naye Nesta akalazimika kurudia yote kwa Kiswahili. Eliakim alijishika kichwa.

"Lazima isahihishwe," alisema. "Kesho, mbele ya watu wote. Mgeni hawezi kuondoka Tunduma na ushuhuda usio wake."

"Kuna mama mmoja ameanza kuomba kwa sababu ya maneno hayo," alisema Nesta.

"Hata hivyo," alisema Eliakim, lakini si kwa nguvu ileile.

Jumamosi Nesta alipanda jukwaani kabla ya nyimbo kuisha. Alimwona Mama Roda, safari hii amekaa safu ya mbele kabisa, amevaa kitenge kipya, anamtabasamia. Nyimbo zilipoisha, Nesta aliondoa macho kwake. Alianza kuongea huku akitazama nguzo ya hema.

"Wapendwa, jana mchungaji alipotusimulia habari za msiba wake, honi zililia nikashindwa kusikia. Badala ya kuuliza, nikasema ya kwangu. Yeye hakunyamaza miaka miwili. Yeye alimshukuru Mungu siku ileile. Aliyenyamaza ni mimi. Anayehesabu namba wenzake wakiomba ni mimi. Mnisamehe, na yeye anisamehe."

Minong'ono ikatembea kutoka safu hadi safu. Mwanakwaya mwenzake mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Mama Roda hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Nesta aliweka kipaza sauti mezani ashuke, lakini Mchungaji Watson alimshika kiwiko, akamrudishia. Kisha akaanza kusema, taratibu sana, na safari hii nje palikuwa kimya.

"Dada huyu amewaambia kweli," Nesta alitafsiri. "Mimi jana nilisema nilimshukuru Mungu kaburini. Nimesema hivyo kila mahali nilipoalikwa." Mzee alisita. "Lakini leo alfajiri nimejaribu kukumbuka. Kaburi nalikumbuka. Udongo mwekundu naukumbuka. Viatu vyangu vilikuwa na matope. Ile asante..." Nesta alimgeukia, akamwuliza kwa Kibemba kama amesikia sawasawa. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Ile asante siikumbuki. Nakumbuka nikiisimulia. Sijui kama niliisema siku ile, au niliiweka baadaye kwa sababu mchungaji anapaswa kusema hivyo. Sijui. Mniombee."

Akakaa.

Eliakim alimtazama mwenyekiti wa kwaya, mwenyekiti akamtazama mpiga kinanda. Mtu mmoja nyuma akasema haleluya, lakini ilitoka kama swali. Hatimaye wakaimba wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba, na kongamano likaendelea hadi saa nane kama lilivyopangwa, ingawa kila mtu alionekana kuwaza lake.

Walipotawanyika, Mama Roda alikuja na mfuko wake wa safari begani.

"Sasa mimi nishike maneno ya nani?" aliuliza. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Jana nilisema na Mungu kwa sababu mtumishi naye aliwahi kunyamaza. Leo naambiwa hakunyamaza. Halafu naye anasema hajui. Mwanangu, mmenichanganya."

"Hata mimi nimechanganyikiwa, mama. Nisingetaka kukudanganya tena."

"Wewe ulimpoteza nani?"

"Mama yangu."

"Na umeshaanza kusema naye?"

"Na mama?"

"Na Mungu."

"Bado."

"Basi mimi nimekutangulia siku moja," alisema Mama Roda. Hakucheka. Alirekebisha mfuko wake, akamwagiza salamu kwa watoto wote wa nyumbani kama vile anawafahamu, akaenda kuwahi gari la Msangano.

Nesta alibaki kusaidia kukusanya viti. Alikuwa ameshapanga kama ishirini alipoketi kwenye kimojawapo, katikati ya hema tupu, na kuanza kusema kwa Kinyiha, lugha aliyokuwa akizungumza na mama yake. Hakufumba macho. Alimwuliza Mungu siku ishirini na moja zilikuwa za nini. Alimwuliza kama kweli alikuwepo siku ya ishirini na mbili. Alimwambia amekasirika, na kwamba hajui kama inaruhusiwa kukasirika, na kwamba kama hairuhusiwi basi amsamehe lakini bado amekasirika. Sauti ilipanda. Eliakim alichungulia kwenye pazia la hema, akarudi nyuma bila kusema kitu.

Hakujibiwa. Hakusikia amani ikishuka kama walivyozoea kushuhudia wenzake. Alisikia njaa, na koo lilikuwa linamuuma. Lakini alipotaka kunyanyuka aligundua bado kuna jambo hajalisema, akaketi tena akalisema, kisha likaja lingine.

Tangu kongamano lile umepita mwezi na nusu. Mwalimu Fanueli sauti imemrudia, na Nesta hajaombwa tena kutafsiri. Kwenye kwaya wapo wanaomkwepa, na wapo wawili waliomfuata pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, kumnong'oneza kwamba na wao huwa wanahesabu. Aliwaambia yeye sasa hivi huanza kwa kulalamika, halafu anaona sala inakoelekea. Siku nyingine inafika mahali, siku nyingine haifiki. Jumapili iliyopita Mchungaji Eliakim aliposema tuombe, Nesta alifumba macho, akasema, "Mimi hapa, bado sielewi," na kabla hajamaliza wenzake wakawa wameshasema amina.